Kikogwe, Ng'ambo ya Mto: Maneno Niliyowaambia Watu wa Mpwapwa Baada ya Safari ya Pangani

Mbukwenyi!

Nimeanza na salamu yetu ya Kigogo. Wazee wetu, shikamooni. Walimu wenzangu, wanafunzi, na akina mama mliokuja na watoto mgongoni, asanteni kwa kuziacha kazi za Jumamosi mkaja kukaa kwenye ukumbi huu wenye joto. Nimeombwa nieleze safari yetu ya Pangani. Wengi wenu mlichangia nauli za watoto, na baadhi mliniuliza tukiwa bado hatujaondoka: Mwalimu, kwa nini Pangani? Kwa nini msiende Bagamoyo, maana ndiko njia ya misafara ya hapa kwetu ilikoishia? Swali lile lilikuwa la haki, na nimelibeba njia nzima, kwenda na kurudi.

Tulitoka hapa kabla ya alfajiri kwa Coaster, tukapita Kongwa, Mbande, Gairo, Morogoro. Chalinze tukakunja kushoto, Segera tukakunja kulia, Muheza tukaiacha lami ya Tanga na kuteremka kuelekea baharini. Tuliingia mjini magharibi inakaribia. Watoto ambao mto waliouzoea ni wa mchanga, ule unaochimbwa ndoo mbili za maji mwezi wa Septemba, walishuka kwenye gari wakakuta mto mpana wa rangi ya udongo unaingia baharini, jahazi moja limeegeshwa, na watu wanasubiri pantoni kama sisi tunavyosubiri basi. Mmoja akaniuliza, "Haya maji yanatoka wapi yote haya?"

Yanatoka Kilimanjaro na Meru. Yanakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, yanapita Korogwe, yanaanguka kwenye maporomoko ya Hale na Pangani ambako yanazungusha mitambo ya umeme, na ndipo yanafika pale mtoto alipokuwa amesimama. Mji upo ukingo wa kaskazini. Ng'ambo, upande wa kusini, kuna Bweni na kilima chake, na nyuma ya Bweni ndiko kwenye mashamba. Naomba mshike picha hiyo: mji wa mawe upande huu, mashamba upande ule, mto katikati. Yote nitakayosema yanakaa ndani yake.

Asubuhi yake tulitembezwa mjini. Nyumba za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko. Kuna boma, kuna forodha ya zamani kando ya mto, kuna mtaa wa maduka ya Wahindi wenye roshani za mbao zinazotazama barabarani. Kuna milango ya nakshi ambayo fundi aliyeichonga lazima alikaa nayo miezi. Chokaa imebanduka sehemu nyingi, na mizizi ya miti imeingia kwenye kuta. Nilisimama mbele ya nyumba moja ambayo paa lake limeanguka lakini mlango bado umesimama, umefungwa kwa kufuli, nikaona uchungu. Nchi yetu haina nyumba nyingi za umri ule.

Aliyetutembeza alitueleza utajiri wa pale: pembe za ndovu zilizoteremshwa na misafara iliyofuata bonde la mto kutoka Kilimanjaro na nchi ya Wamasai, nguo na shanga zilizopanda kwenda huko, na watumwa. Hapo ndipo nikalikumbuka lile swali lenu. Ni kweli, misafara iliyopita hapa Mpwapwa ilikuwa ya Bagamoyo. Wapagazi walipumzika hapa, wakajaza vibuyu vyao Chunyo, ndipo wakalikabili pori la Marenga Mkali ambalo maji yake ni machungu, kabla ya kuingia Ugogo na kudaiwa hongo, yaani ushuru wa kupita. Pangani ilikuwa na njia yake. Sasa sisi tunahusika nayo nini?

Tunahusika kwa mambo matatu, na la kwanza ni mtu aliyetembea kwa miguu yake kutoka kule hadi hapa.

Mwaka 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodisha pwani ya bara kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Mwezi wa Agosti maofisa wa kampuni waliingia miji ya pwani kushika forodha na kupandisha bendera yao. Pangani aliletwa mmoja aitwaye Emil von Zelewski. Mtu yule, katika kutafuta wa kumkamata, aliingia msikitini na mbwa. Hata kama hujui jambo lolote la siasa za wakati ule, unaelewa mji ulivyowaka. Aliyesimama kuongoza vita ni Abushiri bin Salim al-Harthi, ambaye watu wa Mrima, yaani pwani ile, walimwita Bushiri. Vita vikashika pwani nzima.

Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann na jeshi la kukodi. Mei 1889 aliivunja kambi ya Bushiri karibu na Bagamoyo. Na Bushiri alikimbilia wapi? Alikuja huku. Juni 1889 aliishambulia stesheni ya kampuni hapa Mpwapwa, mzungu mmoja wa kampuni akauawa, mwingine akaponea chupuchupu. Wissmann alifika kwa msafara wake baadaye mwaka huohuo akajenga ngome. Vijana, mnapopita mjini kwenda sokoni, mnakanyaga njia ya vita vilivyoanzia kwenye mlango wa mto Pangani. Bushiri naye alirudi kaskazini, akasalitiwa, akakamatwa, na tarehe 15 Desemba 1889 alinyongwa Pangani. Na yule Zelewski wa mbwa? Alipewa jeshi, akapanda nalo hadi Uhehe, na Agosti 1891 askari wa Mkwawa walimmaliza pale Lugalo. Wahehe walimwita Nyundo. Kwa hiyo, mwenye kutaka kuijua Pangani na asiijue nchi hii ya kati, ameshika kamba kwa ncha moja.

Hayo niliyajua kabla ya safari, nimeyafundisha miaka. Ambalo sikuwa nimelifundisha vizuri ni la ng'ambo.

Siku ya pili tulipanda pantoni. Mwendo ni wa dakika chache tu, na daraja kubwa lilikuwa linajengwa, huenda watoto wenu wasivuke tena kama tulivyovuka sisi. Ratiba tuliyopewa haikuwa na ng'ambo. Ilikuwa boma, forodha, mahali aliponyongewa Bushiri, pwani, kisha nyumbani. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania. Niliwaambia wenzangu kwamba nyumba zile za roshani hazikujengwa na pembe peke yake. Ilikuwapo sukari.

Katika miaka ya 1870 na 1880 bonde la Pangani lilijaa mashamba ya miwa ya matajiri wa Kiarabu na Kiswahili. Kazi ilikuwa ya watumwa. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kuzuia watumwa kupitishwa baharini na kulifunga soko la Zanzibar. Tunafundisha mwaka huo kama mwisho wa jambo. Lakini mzigo uliozuiwa baharini ulibaki bara: watumwa walipatikana kwa bei rahisi pwani ya Mrima, na wenye mashamba ya Pangani wakawatia kwenye miwa. Wengine walivushwa usiku kwa mashua kwenda Pemba, kisiwa kinachoitazama pwani ile, ambako karafuu ilipanda thamani baada ya kimbunga cha 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja.

Mwaka huohuo wa 1873 watumwa wa mashamba ya Pangani waliasi. Walitoroka kwa wingi, wakajenga kijiji chao na kukiwekea maboma, wakapigana na waliotumwa kuwarudisha, na hawakurudi. Kijiji chao kiliitwa Kikogwe. Baadaye wakawa na makazi Makorora. Watoro wale walilima, wakauza mazao, wakaoa, wakazaa. Hiyo ni miaka 15 kabla ya Bushiri kuinua silaha.

Hapa nataka tukae kidogo, wala msinielewe vibaya. Bushiri mwenyewe alikuwa na shamba la miwa karibu na Pangani, na alikuwa na watumwa. Mimi namheshimu kwa kupigana na Mjerumani. Alipigana kweli, na alilipa kwa shingo yake. Lakini nikimwambia mtoto habari za Bushiri nikamficha habari za Kikogwe, nimemfundisha kwamba uhuru ulianza kudaiwa siku mkubwa alipoguswa. Wale watoro, majina yao hatunayo hata moja kwenye ulimi. Wengi wao walitoka bara, ndani kabisa, watu walioteremshwa kwa njia kama hii yetu. Waliodai mapema zaidi walikuwa wao. Na mahali pa kumfundishia mtoto jambo hilo ni ng'ambo, akiwa ameutazama mji wa mawe kutoka Bweni kilimani, akaona jinsi ulivyo mdogo na jinsi bonde la mashamba lilivyo kubwa.

La pili linalotuhusu lina jina lilelile. Baada ya vita Wajerumani walitafuta zao la kuwalipa. Mtaalamu wao wa kilimo, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani, maana Mexico, nyumbani kwa mkonge, walikuwa hawataki mbegu yao itoke. Miche ilisafiri kwa meli hadi Hamburg, kisha huku. Iliyofika hai ni 62 tu. Mwaka 1893 ilipandwa kwenye shamba la kampuni karibu na Pangani, na shamba lile liliitwa Kikogwe. Miaka 20 tu ilikuwa imepita tangu watoro walipompiga bwana wao chini ya jina hilohilo.

Kutoka kwenye miche ile 62 ilitoka mikonge iliyojaza Tanga, Korogwe, Muheza, Kilosa, Morogoro. Nchi hii ikaja kuongoza dunia. Tulipopata uhuru mwaka 1961 mkonge ndio uliotuingizia fedha za kigeni kuliko zao jingine lolote, na mwaka 1964 tulivuna zaidi ya tani 200,000. Kisha nyuzi za plastiki zikaiangusha bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 bei ikiwa tayari chini, na mengi yakageuka vichaka. Siku hizi unafufuliwa, na tuliwaona wakata mkonge kazini.

Watoto walilipenda shamba kuliko mji, nakiri hivyo. Mistari imenyooka hadi macho yanachoka. Kiwandani kuna mashine wanayoiita korona. Majani yanaingia mabichi upande mmoja, maji yanamwagika, upande wa pili zinatoka singa nyeupe, na takataka za kijani zinatiririka zikinuka uchachu unaokaa kwenye nguo siku mbili. Kwenye kilo 100 za majani, nyuzi ni kama kilo nne. Zinazobaki zote ni za kutupwa. Singa zinaanikwa juani kwenye nyaya, uwanja mzima unang'aa. Msichana mmoja wa kidato cha pili alizishika akasema, "Kumbe ndiyo maana tunasema nywele za singa." Nimefundisha miaka 30 na sikuwahi kuyaunganisha hayo mawili. Mwishoni zinasuguliwa, zinashindiliwa kuwa marobota.

Lakini nani alikata? Hilo ndilo la tatu, na wazee waliokaa mbele hapa wanajua ninakoelekea, naona vichwa vinatikisika.

Watu wa pwani hawakuitaka kazi ile, walikuwa na minazi yao na bahari yao. Mwaka 1898 Wajerumani walianzisha kodi ya kibanda, na asiye na rupia alidaiwa nguvu zake. Waingereza nao wakaendelea na kodi. Huku kwetu njaa zilisukuma kilichobaki. Mnaijua Mtunya, ile njaa ya mwisho wa Vita ya Kwanza. Nyimbo zake zimezikwa na bibi zetu. Mtu wa Ugogo, wa Unyaturu, wa Uha, wa Urundi, akishaona ghala tupu na karani wa kodi mlangoni, aliondoka. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, ikawa inawakusanya watu mikoa ya mbali na kuwasafirisha kwa treni na malori. Kila mtu alipewa namba. Ndiyo maana waliitwa manamba.

Babu yangu, baba wa baba, alikuwa manamba. Alisimulia mambo mawili tu. Kwanza, kipande: karatasi ya siku 30, na siku ambayo nyapara hakuridhika na kazi yako haikuandikwa, kwa hiyo mwezi wa mkonge haukulingana na mwezi wa mbinguni. Pili, miiba. Jani la mkonge lina ncha kama sindano, na aliyekata mkonge muda mrefu alikuwa akifumba jicho moja anapoinama hata kama anainama kuchukua kijiko. Babu aliinama hivyo hadi anakufa. Alirudi na blanketi, koti na fedha ya ng'ombe mmoja. Kaka yake waliyeandikishwa naye siku moja hakurudi.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini moyo ulinienda mbio tulipofika kambini. Kambi ni zile nyumba za mistari, chumba kimoja kimoja, nyingine zimeshaanguka. Mzee mmoja alikuwa kwenye kigogo cha mnazi anasokota kamba. Niliwasalimia waliokuwepo kwa Kiswahili, tukaongea, nikasema tumetoka Dodoma, Mpwapwa. Mzee akaiweka kamba chini. Akasema, taratibu, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli la zamani: "Mbukwenyi."

Watoto wetu wote wakaitikia kwa pamoja. Yule mzee alilia.

Amezaliwa kambini. Baba yake alitoka upande wa Kongwa, mama ni Mzigua wa palepale. Kigogo alichobaki nacho ni salamu, majina ya mifugo na wimbo mmoja wa kumbembeleza mtoto, na alituimbia. Aliniuliza kama Kongwa bado kuna wazungu wa karanga. Nikamweleza kwamba ule mradi wa Waingereza ulianza 1947, ukafungwa 1951, pauni milioni 36 zikateketea kwenye ardhi iliyokauka kama saruji, na kwamba leo pana ranchi ya ng'ombe. Alicheka. Baba yake alikuwa akiwaambia kwamba nyumbani kumeletwa matrekta, hakuna tena haja ya mtu kwenda mbali kutafuta kazi. Hakurudi lakini.

Nilimuuliza habari za kaka wa babu yangu. Jina hakulijua. Alitupeleka makaburini, nyuma ya kambi, vilima vya udongo vilivyozungushiwa mkonge, kaburi moja moja lina jiwe, hakuna lililoandikwa. Alionyesha kwa mkono: hawa Waha, hawa Warundi, hawa wa kwenu. Watoto walinyamaza, wala hakuna aliyewanyamazisha. Tuliomba dua kila mtu kwa dini yake, tukarudi kwenye pantoni.

Jambo moja zaidi, nililiona tukiwa kwenye gari kurudi. Pangani ilikufa kama bandari kwa sababu mlango wa mto una mchanga na meli kubwa haziingii, na Wajerumani wakaanza reli yao Tanga mwaka 1893. Mji ukabaki kando. Na Mpwapwa? Kulikuwa na ngome hapa, na misafara, wakati Dodoma ni kijiji. Reli ya Kati ikapita Gulwe bondeni, ikafika Dodoma mwaka 1910, na sisi tukabaki kando vilevile. Nimekaa na kinyongo hicho tangu utoto, kwamba mji wetu ulipitwa. Kumbe tuna mwenzetu baharini.

Sasa ombi langu. Likizo ijayo tunarudi, na safari hii tutaanza na ng'ambo, siku nzima, mji utafuata. Mzee yule ametuahidi kukusanya wenzake wa kambi nyingine ambao baba zao walitoka Mpwapwa, Kongwa, Bahi na Manyoni. Tusiende mikono mitupu. Mlangoni pale mwanafunzi ameweka meza na daftari. Kila mwenye ndugu aliyekwenda mkonge asirudi, aandikishe jina lake, jina la baba yake, kijiji, na mwaka kama unakumbukwa. Na kama mwaka haukumbukwi, taja njaa iliyokuwapo au chifu aliyekuwapo, tutajua. Wazee wasioandika, vijana hawa watawaandikia. Mimi nimeandika jina la kwanza. Karibuni.